Wimbo Unaomtuma Msikilizaji kwa Mwalimu

Mwaka 1907 msomi wa Kibengali, Haraprasad Shastri, aliukuta katika maktaba ya kifalme mjini Kathmandu muswada wa Charyapada, nyimbo za walimu wa Ubudha wa Kitantra wa mashariki ya India. Ukizisoma juujuu utaona wapiga makasia, wauza pombe na wawindaji wa swala. Katika wimbo mmoja Kanhapa anamtamani mwanamke wa Kidombi, tabaka lililotengwa, ambaye kibanda chake kiko nje ya mji. Munidatta, mfafanuzi wa kale aliyeandika kwa Kisanskriti, anasema mwanamke huyo ni ukweli wa kutokuwepo kwa nafsi, nao hauguswi na aliyejifungia ndani ya hisi zake. Wahenga wetu husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hapa mambo ni kinyume: werevu ndio unaokwama. Nadhani fumbo hili lilitungwa ili kumzuia mtu asidhani kwamba kuyaelewa maneno ndiko kufika.

Wapo watakaosema kwamba hizi zilikuwa nyimbo za mapenzi tu, na wafafanuzi wakazivisha kanzu ya dini baadaye. Hoja hiyo ina uzito, maana Munidatta alikuja baada ya watunzi. Lakini wimbo wa kwanza wa mkusanyiko, wa Luipa, unaufanya mwili kuwa mti wenye matawi matano, unalalamikia akili isiyotulia, kisha wenyewe unamwagiza msikilizaji akamuulize mwalimu. Agizo hilo limo ndani ya shairi, halikubandikwa na mfafanuzi. Hata simulizi za jadi zinamwonyesha Naropa, msomi mkubwa wa chuo cha watawa cha Nalanda, akiacha cheo chake kwenda kumtafuta mwalimu wake, Tilopa, mkamua mafuta ya ufuta.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu akishashika ufunguo wa fumbo, nani atamzuia asimdhulumu mwanafunzi? Swali hili ni la haki, na Wabudha wenyewe waliliuliza mapema. Yeshe-Ö, mtawala wa magharibi ya Tibet, aliwakemea hadharani walioyafuata maandiko ya tantra neno kwa neno. Atisha, aliyefika huko mwaka 1042, aliandika kwamba watawa walioapa useja wasipokee daraja za siri zinazovunja kiapo chao. Kwa hiyo siri haikufuta maadili, na mwalimu anayedai iyafute hana ushahidi katika mapokeo haya. Unayetaka kuzifuata nyimbo hizi, mchunguze kwanza huyo unayemwendea, tena usiharakishwe.