Manase arudishwa Yerusalemu

Manase alitawala Yuda miaka 55, na ni wafalme wachache walioharibu kama yeye: alisimamisha sanamu ndani ya hekalu la Mungu, akawapitisha wanawe motoni. Waashuri wakamfunga pingu, wakampeleka Babeli. Huko, katika taabu (wengi wetu ndiko tunakokumbukia kuomba), akajinyenyekeza sana. Mungu akamsikia, akamrudishia hata kiti cha enzi.

Hakurudi kutoa ushuhuda tu. Alijenga ukuta wa mji, akazitupa nje sanamu zake mwenyewe, akaitengeneza madhabahu ya Bwana. Si kila kitu kilinyooka: wale watoto hawatajwi tena, na Amoni, mwanawe aliyemrithi, alizitolea sanamu dhabihu. Lakini Manase alisamehewa kweli. Soma 2 Mambo ya Nyakati 33.