HUKUMU YA KUWAPIGA PICHA WALIO UCHI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewateremshia wanaadamu nguo za kusitiri tupu zao. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika nchi za Ulaya ziko pwani na viwanja ambapo watu, wanaume kwa wanawake, huvua nguo zao zote wakaoga na kuota jua. Jambo hili si la jana. Ujerumani, ambako mtindo huo hujulikana kwa herufi FKK, lilianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20. Ufaransa, katika kisiwa cha Levant, matabibu wawili ndugu waliasisi mwaka 1931 kijiji cha watu hao, kikaitwa Héliopolis. Na Uingereza, mji wa Brighton ulitenga sehemu ya pwani yake kwa ajili yao mwaka 1980.

Hukumu ya kufunua tupu mbele ya watu haina shaka: ni haramu, na kila mtoto wa chuoni aijua. Mas-ala inayohitaji kubainishwa ni nyingine. Mwislamu anayekaa au kusafiri katika nchi hizo akipita mahali kama hapo, na simu yenye kamera i mkononi mwake, je, yamfalia kuwapiga picha? Wako wasemao: "Wamejivua heshima wenyewe, aliyeacha mlango wazi asimlaumu mwenye kuchungulia." Maneno haya ni batili kwa sheria za nchi hizo, na ni batili zaidi kwa Sharia ya Kiislamu.

Ama sheria za nchi, ya Ujerumani ina asili yenye mazingatio. Mwaka 1898 alikufa Bismarck, aliyekuwa waziri mkuu wa Wadachi zama walipoitwaa Tanganyika. Usiku ule ule wapiga picha wawili waliingia kwa siri chumbani alimolazwa, wakampiga picha maiti ili waiuze. Watoto wake wakashitaki, na mwaka 1899 mahakama kuu ikawapa haki. Kisha mwaka 1907 ikatungwa sheria, nayo ingali ikitumika, kwamba sura ya mtu haienezwi wala haionyeshwi kwa watu ila kwa idhini yake. Na akifa, kwa idhini ya jamaa zake hata ipite miaka 10. Wameruhusiwa walioonekana kwa mbali tu katika picha ya mandhari, wala ruhusa hiyo haipiti pale inapovunja haki ya mtu. Tena tangu mwaka 2004 ni kosa la jinai kumpiga mtu picha ya siri nyumbani mwake, au mahali palipokingwa makhsusi pasionekane.

Ufaransa, mwenye kumpiga mtu picha mahali pa faragha bila ridhaa yake hukabiliwa na kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 45,000. Na tangu mwaka 2016 sheria yao imepambanua jambo kubwa: mtu aweza kuwa aliridhia kupigwa picha ya faragha ya mwili wake, na isiwe ameridhia kuenezwa kwake. Mwenye kuieneza bila ridhaa hiyo ya pili ana kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 60,000. Uingereza, sheria ya mwaka 2003 imefanya kuchungulia kuwa jinai, lakini kwa mtu aliye mahali anapotaraji faragha.

Msomaji ataona kwamba sheria hizi huuliza kwanza: "Mahali gani?" Nyumba ina ulinzi, chumba cha kuvulia nguo kina ulinzi, na pwani iliyo wazi ina ulinzi mdogo kuliko hivyo. Upungufu huo wenyewe wameuona, na kwa hiyo vilabu vingi vya watu hao vimeweka kanuni zao: kamera hairuhusiwi, au hairuhusiwi ila kwa idhini ya kila atakayeonekana katika picha. Basi hata watu waliokubali kuonekana uchi wamejua kuwa kuonekana ni jambo moja, na kuchukuliwa sura ni jambo jengine. Anayeonekana huonekana na waliopo, na saa ikipita imepita. Aliyepigwa picha huonekana na asiowajua, katika miji asiyoifika, hata baada ya kufa kwake.

Ama Sharia ya Kiislamu, yenyewe haikuanza kwa mahali. Imeanza kwa jicho. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur amewaamrisha waumini wanaume kwanza wainamishe macho yao, kisha akawaamrisha wanawake, wala hakuwaambia wainamishe mbele ya mwenye kujisitiri peke yake. Katika sura hiyo hiyo ameamrisha kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu. Na katika Hadithi sahihi, mtu mmoja alichungulia kwa tundu ya mlango wa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye alikuwa na chanuo la chuma akijikuna kichwa. Mtume akamjulisha kwamba lau angalijua anachunguliwa angalimdunga jichoni, na kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya macho.

Kwa Hadithi hii wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema: mwenye kuchungulia kwa kusudi wake za mtu nyumbani mwake, akarushiwa kijiwe jicho likapofuka, halina dia. Wakasema tena: mwenye nyumba akiacha mlango wazi, haki hiyo ya kurusha humwondokea, kwa kuwa amepuuza. Hapa ndipo waliposhika wenye hoja ya mlango wazi, na hapa ndipo walipoteleza. Kilichoondoka ni haki ya mwenye nyumba ya kupiga. Uharamu wa kutazama haukuondoka. Uzembe wa mtu haumhalalishii mwenziwe dhambi.

Na lau kama mas-ala ya watu walio uchi pamoja yangalikuwa mapya, ingalikuwa udhuru. Lakini hamamu zilikuwako zamani. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika kitabu chake cha Ihya alieleza kuwa mwenye kuingia hamamu ana wajibu juu ya tupu yake, ana na wajibu juu ya tupu za wengine: ainamishe jicho lake asizitazame, na akataze kufunuliwa kwake. Asiyeweza kuwakataza, hakusamehewa ule wa kuinamisha jicho.

Akisema mtu: "Mimi nimewapiga picha ili niwatahayarishe na kuwaonya wenzangu," huambiwa: Kukataza mabaya hakuwi kwa kuyazidisha. Tupu iliyoonekana na watu mia pwani, yeye ameipeleka ikaonekana na elfu. Mtume alimfundisha Ali kwamba mtazamo wa kwanza, usiokusudiwa, una msamaha, na wa pili hauna. Na picha ni mtazamo wa pili unaorudiwa kila ifunguliwapo. Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hata 1920, ni katika waliohalalisha picha za kamera kwa kuwa ni kuzuia kivuli tu. Lakini kivuli cha kitu kilicho haramu kutazamwa, kukizuia na kukigawa ni kuihudumia haramu.

Na wala asidhani msomaji kuwa maneno haya ni ya Ulaya tu. Huku pwani, siku za harusi, wanawake hukusanyika peke yao, wakavua mabuibui, wakajipamba na kucheza, kwa kuaminiana kuwa hapana jicho geni. Kisha mmoja wao hutoa simu. Kabla ya alfajiri, sura ya mke wa mtu iko mikononi mwa vijana vibarazani, na nyumba imeingia fitina. Hawa hawakuacha mlango wazi. Mlango umefunguliwa na waliyemwamini. Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliweka kwa mwenye kueneza picha ya siri ya mwili wa mtu faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini faini hairudishi sitara iliyoraruliwa.

Basi Mwislamu na ashike mambo manne. Apitapo penye walio uchi, ainamishe macho na apite. Asimpige mtu yeyote picha bila ya idhini yake, na idhini haihalalishi tupu. Akiletewa picha ya namna hiyo, aifute na isivuke kwake. Na aliyekwisha kuieneza, toba yake haitimii kwa ulimi tu: aifute, awaombe aliowapelekea waifute, na amtake radhi mwenyewe ikiwezekana, kwani hii ni haki ya mja.

Mwenyezi Mungu awasitiri Waislamu duniani na Akhera, na ayahifadhi macho yao na khiana. Amin.