Hamira Hana Dhambi

Hivi, kiumbe wa seli moja anaweza kutuchekesha? Tuseme televisheni inatuletea kipindi cha vichekesho ambacho mastaa wake hawaonekani bila darubini. Si ajabu sana. Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2014, imeshatuzoesha kuona hesabu na sayansi zikiimbwa. Mimi ningekiweka Old Moshi.

Staa wa kwanza ni Hamira, mkazi wa pipa la mbege. Ndizi mbivu zimechemshwa, kimea cha ulezi kinasubiri. Yeye anakula sukari, anatoa pombe, anakula tena, mpaka pombe aliyoitoa mwenyewe inamzidi nguvu. Wa pili ni Kimelea wa malaria. Kapanda mbu jike kule chini, kwenye majaruba ya mpunga ya Lower Moshi, anataka kupanda mlima kama mtalii. Kadiri anavyopanda, baridi inamchelewesha kukomaa. Mbu anakufa, abiria hajafika hata kituo cha kwanza.

Tunacheka. Lakini kwa nini Hamira tunamshangilia na Kimelea tunamzomea? Wote wanakula na kuongezeka, basi. Hakuna mwenye nia njema wala mbaya. Tabia tumewavalisha sisi, kama wazee walivyomvalisha fisi ulafi na sungura ujanja.

Utasema, jamani, ni utani tu. Sawa, na utani unasaidia: mtoto aliyemcheka Kimelea hatasahau chandarua. Tatizo ni kwamba adui akishapata sura, tunaacha kumtafuta mwenye uamuzi. Kimelea hakuacha maji yatuame nyuma ya nyumba. Hakuchukua chandarua akazungushia bustani ya mchicha. Hamira naye hajawahi kumtuma baba kunywa ada ya mtoto. Kati ya pipa na mdomo kuna mkono, na mkono huo una mwenyewe.

Na si kila mkono uko huru sawa. Anayeshinda kwenye maji ya jaruba anatafuta riziki, na mchele wake tunaula sisi tulioko juu kwenye baridi.

Kwa hiyo kipindi changu kingekuwa na mhusika wa tatu: binadamu, aliyekaa kwenye kochi akidhani yeye ni mtazamaji tu. Wale wawili hawawezi kuwa vingine. Yeye anaweza. Tukimcheka huyo, angalau kicheko kimempata anayeweza kukisikia.