Hesabu ya Mwaka na Yule Anayeipokea

Mwisho wa mwaka ni wakati ambao dini nyingi humtaka mtu asimame na kuitazama njia aliyoipita, na desturi hiyo ni ya kale kuliko kalenda zinazotumika leo. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye simu ya mkononi, ambayo huhifadhi picha, huorodhesha nyimbo zilizosikilizwa, huhesabu saa zilizotumika mbele ya kioo chake, na ifikapo Desemba humrudishia mwenyewe muhtasari wa mwaka wake bila yeye kuuomba. Swali linalochunguzwa hapa ni kama muhtasari huo unaweza kushika nafasi ya tafakuri, yaani kule kujipima kwa makusudi kunakomfanya mtu abadilike. Hoja itakayotetewa ni kwamba hauwezi. Kwa kuhesabu, mashine imemshinda binadamu kwa mbali, wala si hapo penye kasoro. Kasoro iko katika jambo moja, kwamba maisha hupimika pale tu yanapoelezwa mbele ya mwenye haki ya kuyauliza maswali.

Mji wa Sakania, katika jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, unafaa kuwa mahali pa kulitazama swali hili, kwa sababu ni mji wa mpakani, na mpaka ni jambo ambalo watu wamelikubali kabla ya kuwa jambo la ardhi. Reli iliyotoka kusini iliufikia mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Tangu hapo maisha ya Sakania yamefungamana na forodha, na hata sasa malori yaliyobeba shaba na kobalti husubiri mihuri kabla ya kuvuka kuelekea Ndola, nchini Zambia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili za saa, hivyo saa sita ya usiku wa tarehe 31 Desemba inapotimia Sakania na Ndola kwa pamoja, Kinshasa bado ni saa tano, na Dar es Salaam ni saa saba tayari. Raia wa Sakania huingia mwaka mpya saa nzima kabla ya mji mkuu wa nchi yake, akiwa pamoja na jirani wa nchi nyingine. Kwa mkulima, tarehe hiyo haifungi kitu: mvua zimekolea, mahindi yangali mabichi shambani, akiba ya unga wa bukari imepungua, na porini uyoga ndio kwanza unaota, ukiwemo ule wa vichuguuni ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Hata hivyo, asubuhi yake watoto huvaa nguo mpya na kuomba bonane, yaani zawadi ndogo ya mwaka mpya, na mtu mzima hana namna ya kuwaeleza watoto hao kwamba mwaka haujaisha. Mwisho wa mwaka, basi, haumo katika mvua wala katika jua. Upo kwa sababu watu wameamua kwa pamoja kuwa upo, na wanadaiana kwa msingi huo.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alilikabili jambo hili katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, kilichoandikwa karibu na mwaka 400, ambamo alieleza kwamba yaliyopita hayapo tena na yajayo hayajawapo, kwa hiyo wakati hupimwa ndani ya roho, kwa njia ya kumbukumbu ya yaliyopita, uangalifu kwa yaliyopo na matazamio ya yajayo. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba katika fikra za asili za Waafrika wakati una sehemu mbili tu zenye uzito, alizoziita Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo kwa kuwa haujajazwa na tukio lolote. Dai hilo lilipingwa, miongoni mwa wengine na Kwame Gyekye wa Ghana, aliyeonyesha kwa ushahidi wa Kiakan kwamba Waafrika wanayo maneno na mawazo ya wakati ujao wa mbali. Ubishi huo haukuondoa kiini cha hoja ya Mbiti kinachofaa hapa, kwamba wakati mtupu hauna maana, na kwamba kinachoupa mwaka uzito ni matukio na watu waliomo. Kwa Augustino kinaongezwa kipengele kimoja zaidi, nacho ni matazamio: anayeukumbuka mwaka bila kutazamia kuwa mtu mwingine amefanya nusu ya kazi.

Mapokeo ya dini yameupa mkutano huu wa kumbukumbu na matazamio sura ya hesabu inayotolewa kwa mwingine. Zaburi ya 90 inamwomba Mungu awafundishe watu kuzihesabu siku zao ili wapate moyo wa hekima. Katika Uislamu tendo hili huitwa muhasaba, yaani kuihesabia nafsi matendo yake, na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza katika Ihya Ulum al-Din kwa mfano wa mfanyabiashara anayemwekea mshirika wake masharti asubuhi na kumdai hesabu jioni. Wamethodisti, ambao wana mizizi mirefu Katanga, walirithi kutoka kwa John Wesley wa karne ya 18 ibada ya mkesha na ibada ya kulifanya upya agano na Mungu. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Katanga mwaka 1911 na ambao umisionari wao ndio uliolizaa Jimbo Katoliki la Sakania-Kipushi, wana desturi ya strena, yaani neno la mwongozo ambalo Don Bosco aliwapa vijana wake wa Turin mwaka ulipokuwa ukiisha, na ambalo mkuu wa shirika hulitoa hadi leo kwa ajili ya mwaka unaoanza. Mapokeo haya yanatofautiana katika mengi, lakini yote yanamweka mbele ya mtu yule anayeipokea hesabu: Mungu, mshirika, kusanyiko, au mlezi anayemjua kwa jina. Hakuna hata moja linalomwachia mtu ajisomee hesabu yake peke yake na kuridhika.

Muhtasari wa simu unakwenda njia nyingine. Kampuni ya Spotify, kwa mfano, tangu mwaka 2016 huwapa wasikilizaji wake kila mwisho wa mwaka orodha ya nyimbo na wanamuziki waliowasikiliza zaidi, na programu za picha nazo huwaletea watu kumbukumbu za siku walizozisahau. Vitu hivi hufurahisha, na hakuna sababu ya kuvionea haya. Tatizo ni kwamba vinapima kile tu kilichopita mbele ya kioo. Mtu aliyekaa siku tatu kwenye kilio cha jirani, akasaidia kuchota maji na kukesha na wafiwa huku simu yake imezimwa, huhesabiwa kuwa na siku tatu tupu. Aliyelala kitandani akipitisha video fupi kwa kidole hadi mega zikamwishia huhesabiwa kuwa na siku iliyojaa. Isitoshe, mashine haimuulizi kitu. Inaweza kumwambia mtu kwamba alisikiliza wimbo mmoja mara mia, lakini haitamuuliza kwa nini hakuipokea simu ya kaka yake, na hata ingeuliza, hakuna ambaye angeona aibu mbele yake.

Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi, nayo inahusu matazamio. Burudani ya simu huongozwa na algorithimu, yaani mfululizo wa maagizo ambao mashine huufuata ili kuamua ni kipi kimfikie mtazamaji, na kwa kawaida uamuzi huo hujengwa juu ya yale aliyoyapenda jana, na juu ya yale waliyoyapenda wanaofanana naye. Kwa mantiki hiyo, mwaka ujao ni mwaka uliopita ulionyoshwa mbele. Toba inasimama upande wa pili kabisa, kwa kuwa msingi wake ni imani kwamba mtu anaweza kesho kuwa kile ambacho mwenendo wake wa jana haukukionyesha. Chombo kinachobashiri kwa kufuata mazoea hakiwezi kumwita mtu ayaache mazoea hayo; lazima aitwe na mwenzake, au na Mungu wake.

Hilo halimaanishi kwamba burudani ni adui wa tafakuri, ingawa wapo waliofikiri hivyo. Blaise Pascal, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake, aliona kwamba watu hukimbilia michezo na shughuli ili wasibaki peke yao na wazo la unyonge wao na la kifo. Thomas wa Akwino, karne nne kabla yake, alikuwa amefundisha kwamba roho nayo huchoka, na kwamba mchezo wenye kiasi ni sehemu ya wema. Historia ya Katanga inamuunga mkono Thomas. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, lililovuma kwa redio na televisheni, lilitunga michezo yake bila mswada: waigizaji walianza na wazo moja, wakalijadili, wakagawana sehemu, kisha wakaliigiza kwa Kiswahili cha mjini. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefuatilia mwaka 1986 utungaji wa igizo lao kuhusu mamlaka, alionyesha katika kitabu cha mwaka 1990 jinsi kazi hiyo ilivyokuwa namna ya kufikiri kwa pamoja kuhusu utawala, katika nchi iliyokuwa bado chini ya chama kimoja. Vivyo hivyo, tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi, ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, ilifungwa 3-0 na Inter Milan, lakini huzuni ya watu wengi waliobanana mbele ya televisheni moja ina mashuhuda, na jambo lenye mashuhuda lina nafasi yake katika hesabu ya mwaka. Burudani hupungua thamani inapomtenga mtu na wale ambao wangeweza kumuuliza aliipata wapi furaha yake na aliigawa na nani.

Kipimo cha kuamulia mambo haya kinapatikana Katanga kwenyewe. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alichapisha Élisabethville mwaka 1945 kitabu La Philosophie bantoue, akidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huzidi au hupungua kulingana na uhusiano wa mtu na wenzake, na wahenga na Mungu. Kutokana na mafundisho yake ilizaliwa katika miaka ya 1950 huko Kolwezi harakati ya Jamaa, ambayo wafuasi wake, wengi wao wafanyakazi wa migodi na wake zao, walifundishana kwa Kiswahili kwamba binadamu hutamani mambo matatu: uzima, uzazi, ambao haukuishia kwenye watoto wa damu bali ulijumuisha kumlea mwingine katika imani, na mapendo. Mambo hayo matatu yanaweza kugeuzwa maswali ya mwisho wa mwaka: nani amepata uzima kwa sababu yangu, nani amekua mikononi mwangu, nani nimeungana naye? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linaloweza kujibiwa na anayejibu peke yake, kwa kuwa shahidi wa jibu ni mtu wa pili.

Tempels alikosolewa vikali, na ukosoaji huo hauna budi kubebwa pamoja na mafundisho yake. Mshairi Aimé Césaire alimshutumu kwa kuwapa Waafrika heshima ya kifalsafa huku akiunyamazia unyonyaji wao, na Paulin Hountondji wa Benin alikataa kuiita falsafa ile picha ya fikra moja inayodaiwa kuwa ya watu wote. Shutuma ya Césaire inaigusa simu moja kwa moja. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, na madini hayo huingia katika betri za simu na za magari. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya wachimbaji wa mikono. Hesabu ya mwaka inayosahau mikono hiyo ina upungufu, hata kama orodha yake ya nyimbo ni kamili, na mchimbaji ni mmoja wa wale wenye haki ya kuuliza.

Inaweza kupingwa kwamba simu hiyohiyo huwaunganisha watu: mzazi aliye Sakania hupokea kwa simu fedha kutoka kwa mwanawe aliye Lubumbashi, na ndugu waliotenganishwa na mpaka hutumiana salamu za sauti usiku wa mkesha. Pingamizi hilo ni la haki, na linakamilisha hoja badala ya kuivunja, kwa maana simu ikiwa mjumbe kati ya anayetoa hesabu na anayeipokea inatumika vema. Inapofanywa hakimu ndipo inapopewa cheo isichokiweza. Kwa hiyo muhtasari wa Desemba na utazamwe kama picha zinavyotazamwa, kwa furaha na bila kuamini kwamba ndio mwaka wenyewe. Kisha kila msomaji, kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 31, amtafute mtu mmoja aliye hai mwenye haki ya kumuuliza, awe mzazi, mwenzi wa ndoa, rafiki au kiongozi wa imani yake, amweleze mwaka wake kwa kinywa chake mwenyewe, na akubali kuulizwa.