Mshika Matatu

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ikiwa mbili zina taabu hiyo, tumwambie nini mtu mzima, mwenye watoto na pengine wajukuu, anayetangaza kuwa anaanza kujifunza matatu: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, kisha kuyafuatanisha siku moja bila ya mapumziko? Mchezo huo waitwa triathloni. Katika kisiwa kama Mafia, ambako mtumbwi, baiskeli na miguu ni nyenzo za riziki kabla ya kuwa za mchezo, jambo hili laweza kuonekana kuwa upuuzi wa wenye nafasi. Lakini ndani yake mna swali zito la maadili: mtu mzima anayekubali kuwa mwanagenzi mbele ya watu huivunja heshima yake, au huijenga?

Triathloni tuijuayo leo ilianzia Mission Bay, San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Waandalizi walikuwa chama cha wakimbiaji, na washindani walikuwa 46. Tarehe 18 Februari 1978, huko Hawaii, watu 15 walianza masafa marefu zaidi: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia. Waliofika mwisho walikuwa 12. Mwaka 2000 mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Sydney kwa masafa ya kilomita 1.5, 40 na 10. Yako na masafa ya nusu yake, ambayo aghalabu ndiyo mlango wa wanaoanza: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Aijuaye Mafia atakumbuka kwamba barabara ya Kilindoni hadi Utende, yapata kilomita 14, kwenda na kurudi yayapita masafa hayo ya baiskeli, na wako wanaoimaliza kwa shughuli zao bila ya kungoja medali.

Tuurejee msemo wa wahenga. Mshika mbili humponyoka kwa sababu huzishika kwa wakati mmoja. Mwanatriathloni hafanyi hivyo. Atokapo majini huyaacha maji majini, na ashukapo kwenye baiskeli huiacha baiskeli. Anachojifunza ni kugawa nguvu, asiimalize akiba yake yote katika shughuli ya kwanza akafika kwenye ya tatu hana kitu. Hapo msemo haukanushwi, hufasiriwa tu.

Ila mchezo huu una jambo jingine, nami naliona kubwa zaidi. Mchukue baharia wa Jibondo, aliyekulia juu ya maji. Mchuuzi wa samaki wa Kilindoni, ambaye baiskeli ni kama kiungo cha mwili wake. Na kijana wa mpira, mwepesi wa mbio. Kila mmoja ni fundi katika lake. Wapange katika mstari mmoja wa triathloni, na kila fundi atakuwa mwanafunzi wa mwenzake. Baharia atapitwa barabarani, mchuuzi atatweta majini, na kijana atafika kwenye mbio zake mapaja yamekwisha kukaza kwa baiskeli. Michezo mingi humruhusu mtu ajifiche ndani ya kile akijuacho. Huu humtoa mafichoni kila mtu, angalau mara moja.

Na hapo ndipo aibu inapozaliwa. Mtoto aanguke na baiskeli mara kumi, twamcheka na kumwinua. Mzee akianguka mara moja, twamuuliza alikuwa akitafuta nini. Tumejenga desturi kwamba kujifunza ni kazi ya utoto, na utu uzima ni wakati wa kujua. Iko kauli mashuhuri inayonasibishwa na Khalifa Umar bin al-Khattab, ya kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Ni wasia mwema. Lakini yule ambaye wazazi hawakumfunza afanyeje? Je, mlango umefungwa? Na kama utu uzima wakataza mbio, tutasema nini juu ya simulizi ya hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha? Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baada ya muda walipokimbia tena, Mtume akashinda. Hakuna aliyesoma habari hiyo akaona heshima imepungua.

Katika kisiwa, suala hili halikomei kwenye haya ya uso. Si kila avukaye kutoka Utende kwenda Chole ajua kuogelea. Wapo wanaume na wanawake waliozaliwa wakisikia mawimbi, ambao maji yakiwafika kifuani hushikwa na hofu, na hawasemi, kwa kuwa jina la mtu wa pwani limewatangulia. Bahari haisomi majina. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu wakafa. Singethubutu kusema kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Mkondo na giza vina nguvu kuliko mikono ya mtu. Lakini ni haki kusema kwamba kutojua kunakofichwa ni mzigo, na mzigo huo huelemea zaidi majini. Ndiyo maana ulistahiki kusifiwa mradi wa Panje, kaskazini ya Unguja, ambao katika miaka ya 2010 uliwafunza wasichana na wanawake kuogelea wakiwa katika mavazi ya stara. Wengine walikuwa watu wazima walipoanza. Hawakuvua heshima yao ili waingie majini; waliingia nayo.

Katika Olimpiki ileile ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alisimama kuogelea mita 100. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu. Wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake katika bwawa zima. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, huku umma ukimshangilia apate kufika. Wako waliomcheka. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Nadhani waliomshangilia walikuwa wametambua kitu wanachokijua katika nafsi zao: kila ustadi una siku yake ya kwanza, ila wengi wetu yetu haikuonekana na watu.

Hata hivyo, tusichanganye ushujaa na ujuba. Moussambani alikuwa bwawani, na waokoaji walikuwa karibu. Ghuba ya Chole haina ukuta wa kushika, na maji yake hupita kwa nguvu yanapojaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo kuanza nako kuna adabu yake. Mwanagenzi huanza maji yakiwa kiunoni, akijifunza kwanza kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, kwani anayezuia pumzi huchoka kabla ya mikono kuchoka. Huchagua siku za maji mafu, huogelea sambamba na ufuo wala haelekei kilindini, na haendi peke yake. Bora awe na mwenzake katika mtumbwi. Hukagua breki za baiskeli kabla ya kusifu mwendo wake. Hukimbia kidogo, hutembea kidogo, hukimbia tena, na wiki zinapopita huzidisha kidogo kidogo. Akiwa na maradhi ya moyo au presha, humwona daktari kwanza.

Adabu zote hizi zina mzizi mmoja, nao ni kukubali kuambiwa. Na katika Mafia, anayemwambia mzee huenda akawa mtoto wa miaka kumi na miwili, ajuaye maji kuliko yeye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko ndiko kugumu kuliko kilomita zote nilizozitaja. Anayeweza kumwambia mtoto, "Mwanangu, nishike kidevu, mimi sijui kuelea," hajapoteza cheo chake cha utu uzima. Ameonyesha kwamba cheo hicho hakikutegemea kujua kila kitu, na mtoto yule naye, siku atakapokuwa mzee, atakuwa amekwisha kuona jinsi mtu mzima anavyoomba kufunzwa.