Kafara ya Asiyekosa

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, katika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji pale Mahenge, akaomba msamaha. Mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani, alisema anaona aibu kwa mambo ambayo askari wa Kijerumani waliwafanyia wazee wao. Steinmeier alizaliwa Januari 1956. Viongozi wa Wangoni waliozikwa mahali pale walinyongwa Februari 27, 1906, karibu miaka 50 kabla mama yake hajamzaa. Hakutoa amri, hakufunga kitanzi, na hata baba yake alikuwa hajazaliwa.

Basi aliomba msamaha wa kosa gani?

Swali hili si la kumkejeli mgeni. Mtu makini aliyekuwa kwenye umati siku ile angeweza kuondoka nalo kichwani, kwa sababu akili zetu zimezoea hesabu ya namna mbili tu. Mwenye kosa atubu au aadhibiwe. Asiye na kosa aende zake kwa amani. Rais yule haingii upande wowote. Ukimwita mkosaji utakuwa umemsingizia. Ukisema hahusiki kabisa, safari yake ya Songea inageuka mchezo wa kuigiza, na machozi ya waliomsikiliza yanakuwa yamemwagika bure.

Kiingereza kina kivumishi kinachomtosha mtu wa aina hii, ingawa Waingereza wengi wanaishi na kufa bila kukitamka: piacular. Asili yake ni Kilatini, piaculum, neno ambalo Warumi walilitumia kwa sadaka ya utakaso na pia kwa tendo linaloidai sadaka hiyo. Ibada inaweza kuitwa hivyo. Mtu pia anaweza kuitwa hivyo, yaani amefikwa na jambo linalomwachia deni la kafara, awe alikusudia au hakukusudia.

Warumi walilichukulia suala hili kwa utaratibu wa kushangaza. Cato, aliyeandika kitabu cha kilimo katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anamwelekeza mkulima anayetaka kupunguza miti katika msitu mtakatifu aanze kwa kuchinja nguruwe. Walikuwepo pia makuhani wa Arvali waliotunza msitu wa mungu wao nje kidogo ya Roma. Chuma kilikuwa mwiko ndani ya msitu huo. Lakini kila mwaka iliwabidi wachonge kumbukumbu za ibada zao kwenye mawe, na jiwe halichongwi kwa kidole. Kwa hiyo walitoa sadaka kabla ya kuingiza patasi na nyingine baada ya kuitoa. Hapo hakuna aliyetenda dhambi. Walikuwa wakitimiza wajibu wao wenyewe, na bado kafara ilidaiwa.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1759, Adam Smith alitoa kitabu chake kuhusu hisia za maadili. Wengi wanamjua kwa masoko na biashara, lakini huyu alikuwa kwanza mwalimu wa falsafa ya maadili huko Glasgow. Smith alilichukua neno hili la wapagani akaliingiza katika maisha ya kila siku. Hoja yake ni kwamba furaha ya mtu asiye na hatia ni kama ardhi iliyowekwa wakfu. Ukiikanyaga, hata gizani, hata bila kujua, unapaswa kutoa kitu kinacholingana na ukubwa wa madhara uliyoyaleta.

Msomaji wa Songea hahitaji kwenda Roma wala Glasgow kulielewa jambo hili. Na afikirie malori yanayobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, yakipita Songea kuelekea bandari ya Mtwara. Dereva yumo ndani ya mwendo unaoruhusiwa, breki nzima, hajanywa kitu. Mtoto anachomoka kwenye vibanda vya sokoni na kuingia barabarani. Trafiki wanapima, wanaandika, wanamwona hana kosa. Je, dereva huyo akipandisha gia na kusema "mimi ni msafi" kisha asionekane tena, watu wa mtaa watamwonaje? Watamwona hana utu. Wanamtazamia afike msibani au atume wazee wa kwao, atoe rambirambi, ashike mkono wa mama mwenye msiba. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alitumia mfano wa dereva wa lori wa namna hii mwaka 1976, akifikia jambo ambalo wafiwa wa huku wanalijua tangu zamani: huzuni ya aliyekuwa kwenye usukani si sawa na huzuni ya aliyekuwa akitazama dirishani.

Dini mbili kubwa za mkoa wa Ruvuma zina mlango wa suala hili. Sura ya An-Nisaa inaweka hukumu ya Muislamu aliyemuua muumini kwa bahati mbaya: amwachie huru mtumwa muumini na kuwalipa wafiwa dia, isipokuwa wakisamehe, asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Kitabu cha Walawi nacho kina sadaka maalumu kwa kosa lililotendwa bila kujua. Kiswahili kimebaki na neno kafara, ingawa siku hizi limeharibiwa na habari za watu wanaowatoa ndugu zao kwa ajili ya utajiri.

Lakini dini hizo hizo zinaleta pingamizi zito. Ezekieli sura ya 18 inakataa kabisa mwana kubeba uovu wa baba. Kurani nayo inarudia zaidi ya mara moja kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Dereva wa Ngaka walau alikuwa kwenye usukani. Steinmeier hakuwepo hata garini.

Jibu linaanza pale tunapoacha kuchanganya dhambi na deni. Dhambi hairithiwi, na Ezekieli yuko sahihi. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inaeleza jambo jingine: maiti imekutwa uwandani na muuaji hajulikani. Wazee wanapima umbali hadi miji ya jirani. Mji ulio karibu zaidi unatoa ndama, anavunjwa shingo bondeni penye maji yatiririkayo, na wazee wanaosha mikono wakitamka kuwa mikono yao haikumwaga damu hiyo. Wanatangaza kwamba hawakuua, na wakati huohuo wanalipa. Hawaoni mgongano wowote, kwa kuwa wanaolipa ni mji, na mji hauishi umri wa mtu mmoja.

Mwanafalsafa Mjerumani Karl Jaspers aliligusa jambo hilihili mwaka 1946, nchi yake ikiwa magofu. Aliigawa hatia katika aina nne, mojawapo ikiwa hatia ya kisiasa, inayomhusu kila raia kwa matendo ya dola yake hata kama mwenyewe hakunyoosha mkono. Aliandika akiwafikiria waliouawa na utawala wa Hitler. Hakuna kinachoizuia hoja yake kufika Ungoni.

Ungoni deni ni kubwa. Vita ya Majimaji ilianza Julai 1905 huko Umatumbi kwa kung'oa pamba, ikafika kwa Wangoni miezi michache baadaye. Wajerumani walipoona risasi pekee hazimalizi kazi, walichoma mashamba na maghala, njaa ikawa silaha. Hesabu za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wengi wanataja kati ya 250,000 na 300,000. Mikono iliyochoma maghala haikuwa ya Wazungu peke yao. Jeshi la mkoloni lilijaa askari Waafrika, Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine. Wapiganaji nao walimwaga damu ya wasiobeba silaha: Agosti 1905, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili.

Fikra ya kafara ina upande wake wa hatari, na vita hiyo iliuonyesha. Dawa ya maji, iliyoaminiwa kumkinga mpiganaji na risasi, ilikuja na miiko: kujizuia tendo la ndoa, kutopora mali. Wapiganaji walipoanza kuanguka kwa risasi, maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba kuna waliovunja mwiko. Marehemu akawa ndiye mdaiwa, na mwenye bunduki akasahaulika. Jambo kama hilo lilitokea pia chini ya mti wa kunyongea, Februari 1906. Padri Mbenediktini aliwafundisha dini na kuwabatiza baadhi ya waliohukumiwa kabla hawajapanda. Bila shaka alifanya hivyo kwa kuwapenda. Hata hivyo, siku ile waliotafutiwa utakaso walikuwa wenye vitanzi shingoni. Waliovishika vitanzi hawakuombewa chochote hadharani. Miaka 117 ilipita kabla mwelekeo haujageuka.

Kuna jambo ambalo wanaomwambia Steinmeier kwamba "hayakuhusu" hawalioni. Kila Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona uso wa Songea Mbano. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu dini, alilichukua neno lile la Kirumi, piacular, akaliita kwalo kundi zima la ibada za huzuni, maombolezo yakiwa mfano wake mkuu. Aliona kwamba muombolezaji hulia kwa sababu jamii inamdai kulia, hata pale ambapo moyo wake mwenyewe umetulia. Wazao wa Mbano wamerithi msiba ambao hawakuushuhudia. Ikiwa urithi huo ni halali, na hakuna mtu Songea anayethubutu kusema si halali, basi urithi wa upande wa pili ni halali vilevile. Haiwezekani msiba uvuke vizazi vinne na deni lake libaki kaburini na Götzen, gavana wa Kijerumani wa wakati ule.

Kinachobaki kubishaniwa ni kiasi, na Smith alisisitiza ulinganifu. Mwaka 2021 Ujerumani ilitangaza kuipa Namibia euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 kwa ajili ya miradi, huku ikikwepa kuziita fidia za kisheria. Waherero na Wanama wengi, wazao wa waliouawa huko na Wajerumani, walikataa. Kwa Songea dai la kwanza la familia halina tarakimu. Wanaamini kichwa cha nduna wao kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, nao wanakitaka. Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta, akionya kwamba huenda kisipatikane. Mfano wa kurudishwa upo: fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililodaiwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, lilifika Kalenga mwaka 1954. Na Septemba 2023, wiki chache kabla ya ziara ile, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai katika koo za Kilimanjaro.

Je, kama fuvu la Mbano halitapatikana? Wazee wa Kumbukumbu la Torati hawakungoja muuaji ajulikane ndipo wamlete ndama. Kukosekana kwa ushahidi ndiko kulikowapeleka bondeni. Kwa kipimo hicho, sanduku tupu litakalorudi kutoka Berlin halitafunga hesabu. Litailazimu Ujerumani, familia na serikali ya Tanzania kukaa kutafuta kitu kingine chenye uzito unaolingana, na kukubaliana nani hasa mwenye haki ya kukipokea: ukoo wa Mbano, Wangoni wote, au taifa.