Kodi Isiyouliza Kipato

Kodi inayotozwa kwenye huduma za kutuma pesa kwa simu nchini Kenya huitwa ushuru wa bidhaa, jina lilelile la kodi ya bia na sigara, nayo haikatwi kwenye kiasi kinachotumwa bali kwenye ada anayotozwa mteja kwa kutuma au kutoa. Ilianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ikapandishwa hadi 12 mwaka 2018, kisha 15 Julai 2023. Wapo wanaoiona kuwa ndogo, hasa wakiilinganisha na ya Uganda, ambako Julai 2018 serikali ilitoza asilimia 1 ya kiasi chenyewe kabla ya kuishusha mwaka huohuo hadi nusu ya asilimia kwa anayetoa pesa tu, au na tozo ya miamala ya Tanzania, iliyoanza Julai 2021 na kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba baada ya malalamiko ya wananchi. Lakini uzito wa kodi hupimwa kwa mfuko wa anayeilipa, na mifuko ya Likoni, Kisauni na Changamwe, mjini Mombasa, ina hesabu yake.

Muuza mahamri na mbaazi wa Mtongwe, dereva wa tuktuk wa Kisauni na kibarua anayepakua mizigo Changamwe wote ni wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, yaani watu wanaofanya kazi bila mkataba, bila mshahara wa mwisho wa mwezi na bila pensheni, na nchini Kenya watu wa aina hiyo ni zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini nje ya kilimo kidogo. Kwa kuwa hupata kwa siku na kutumia kwa siku, hutuma vijisenti, tena mara nyingi. Kwa viwango vya huduma ya M-Pesa vilivyotangazwa baada ya nyongeza ya 2023, anayemtumia mzazi wake aliyeko mashambani, Kinango au Ganze, shilingi 500 hukatwa shilingi 7, na mzazi akitoa pesa hizo kwa wakala hukatwa 29, jumla shilingi 36, ambazo ni zaidi ya asilimia 7 ya fedha yenyewe. Anayetuma shilingi 250,000 kwa mkupuo mmoja hukatwa 108 tu. Ushuru ukiwa umejengwa juu ya ada, nao hufuata mteremko uleule: katika zile 36 mna kodi inayokaribia shilingi 5, sawa na karibu asilimia 1 ya shilingi 500, ilhali katika zile 108 mna takriban 14, ambazo kwa mwenye robo milioni hazina hata jina.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba sheria za Kenya zenyewe zimekwisha kukiri kuwa mtu wa kipato cha chini asitozwe. Anayelipwa mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi halipi kodi ya mapato, na kodi ya mauzo, yaani ile inayotozwa biashara ndogo kwa kupima mauzo yao ya mwaka, haimhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki shilingi 1,000,000. Muuza mahamri amelindwa na sheria hiyo, kisha ulinzi huo huondolewa kimyakimya kila anapobonyeza simu, kwa kuwa ushuru wa bidhaa hauna kizingiti chochote. Ndiyo maana usemi kwamba wachuuzi hawalipi kodi ni dhuluma: huilipa kila siku bila risiti yenye majina yao, juu ya ada ya soko inayodaiwa na kaunti, na bila heshima anayopewa mlipa kodi anapozungumza na serikali yake.

Kurudia noti na sarafu si kimbilio jepesi. Anayebeba mapato ya siku nzima mfukoni akivuka kwa feri ya Likoni usiku huhatarisha zaidi ya fedha zake, na anayepunguza miamala hujipunguzia pia kumbukumbu ambazo mikopo ya simu kama Fuliza huzitumia kupimia kiasi anachoweza kukopeshwa.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ushuru huo ufike asilimia 20; pendekezo hilo likaachwa bungeni mwezi Juni, na mswada wenyewe ukaondolewa mwishoni mwa mwezi huo baada ya maandamano yaliyofika hadi Mombasa. Nyongeza ikaanguka, ila ukosefu wa kizingiti ukabaki palepale. Na kizingiti kinawezekana, kwa maana tangu Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, wakati wa korona, kutuma shilingi 1,000 kushuka chini kulikuwa bila ada yoyote, kwa makubaliano ya Benki Kuu na kampuni za simu. Leo hata ada ikibaki, kuiondolea kodi miamala ya kiasi hicho, ya kutuma na ya kutoa, kunahitaji kifungu kimoja katika Sheria ya Fedha, ambayo mswada wake Bunge huujadili kila mwaka kabla ya Julai, na wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana haki ya kukipendekeza.